Hodi ya simu: Tupige kwa saa ya nani?

NI nyumba chache hivi leo katika miji yetu, iwe Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, ambazo hazina mtu wake aliye nje ya nchi. Huyu ana kaka Muscat, yule ana binti London, mwingine mumewe yuko Guangzhou anafuata bidhaa, na jirani yake ana kijana anayesoma Madina. Zamani mtu akisafiri, nyumba ilisubiri barua kwa wiki kadhaa. Leo unabonyeza kitufe, sura ya nduguyo inatokea kwenye kioo cha simu, mnaonana na mnacheka. Hii ni neema kubwa, na kila neema ina mas'uliya yake.

Simu imetusogezea karibu sauti na sura. Haikutusogezea jua. Wakati sisi tunakunywa chai ya asubuhi, kuna ndugu yetu mahali fulani ambaye ndiyo kwanza anashika usingizi baada ya kutoka kazini. Wakati yeye anapata nafasi ya mapumziko ya mchana, mama yake huku amekwisha swali Ishaa na kujinyoosha kitandani. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nataka tulitafakari leo: ninapotaka kuzungumza na jamaa yangu aliye mbali, nifuate saa yangu au saa yake? Na pale ambapo hapana budi usingizi wa mmoja wetu ukatike, ni usiku wa nani uvunjwe?

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo, ni la kutazama saa tu. Mimi nasema si dogo. Ni suala la haki na adabu baina ya watu wanaopendana, na mara nyingi udugu hauharibiwi na mambo makubwa. Huharibiwa na haya haya tunayoyaita madogo.

Jua letu na jua lao

Tuanze na hesabu, maana manung'uniko mengi yanaanzia hapo. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya ile ya Greenwich kwa saa 3, na haibadiliki mwaka mzima. Aliye Madina au Istanbul saa yake ni sawa na yetu. Aliye Muscat au Dubai ametutangulia kwa saa 1, na aliye Guangzhou kwa saa 5. Hao hawana taabu, ukishajua umejua. Taabu iko kwa jamaa zetu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako saa husogezwa mara mbili kwa mwaka. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi, lakini wakati wa joto ni saa 2. Toronto ni saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto. Minneapolis ni saa 9, kisha 8.

Na hata huko kusogeza hawasogezi siku moja. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu mwaka 2007, huanza mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi, na humaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Misri waliurejesha utaratibu huu mwaka 2023, kwa hiyo kijana wetu aliyeko Al-Azhar saa yake ni sawa na yetu wakati wa joto, na wakati wa baridi yuko nyuma kwa saa 1. Morocco nao wana yao. Tangu mwaka 2018 saa yao imekaa mbele mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani inapoingia huirudisha nyuma kwa saa 1, na mwezi ukiisha wanaisogeza tena.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini sisi hatuna mambo haya? Jibu liko juani. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, wakati wa jua kuchomoza hautofautiani hata kwa saa moja nzima kutoka mwezi huu hadi ule. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa kufuata jua lenyewe: limechomoza, imepita saa moja, basi ni saa 1. London sivyo. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi, na Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Watu wa huko wakaona mwanga wa alfajiri unapita bure wao wamelala. Ujerumani ikaanza kusogeza saa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata mwaka huo huo. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kutaka utaratibu huu ukome mwaka 2021, lakini mwaka 2021 ulipita na saa zikaendelea kusogezwa.

Haya yana madhara gani kwetu? Nitatoa mfano mmoja. Namjua mama mmoja mtu mzima, mkazi wa Magomeni, ambaye mwanawe yuko London. Kila Jumapili kijana humpigia mamaye saa 1 jioni ya kule akishatoka kazini, na huku inakuwa saa 3 usiku. Mama huswali Ishaa, hukaa na simu mapajani, husubiri. Ikafika ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa 3 ikapita kimya. Saa 3 na nusu kimya. Saa 4 usiku simu ikaita, lakini mama alikuwa amekwisha kwenda kulala na neno moyoni: mtoto ameanza kubadilika. Walahi mtoto hakubadilika. Alipiga saa 1 jioni ileile kama kawaida yake. Kilichobadilika ni saa ya ukutani ya Waingereza, na hakuna aliyemwambia mama.

Tazama jinsi dhana mbaya inavyoweza kuzaliwa pasipo na dhambi ya mtu yeyote! Hapo hujaongeza fitina ya lugha. Watoto waliozaliwa huko wanasema Kiswahili, alhamdulillah, lakini saa wanaihesabu kwa namna ya huko. Mjukuu anamwambia bibi, "Nitakupigia saa mbili," naye anakusudia saa 8 mchana. Bibi anakaa kuanzia saa 2 asubuhi anangoja.

Simu ni mlango

Nasomesha maarifa ya Uislamu kwa vijana wa sekondari. Kila mwaka tunafika katika somo la kuomba idhini, yaani adabu za kubisha hodi. Tunasoma kuwa katika Suratun Nur waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe, na kwamba mtu akiambiwa arudi, basi arudi, na hilo ndilo lililo safi zaidi kwake. Tunasoma kuwa Mtume (SAW) alifundisha hodi iwe mara tatu, na mtu asipojibiwa aondoke. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Ustadhi, je, simu nayo ni mlango?"

Nililipenda swali lile, na jibu langu ni naam. Simu ni mlango, tena ni mlango ulioko kandoni mwa mto wa kulalia. Anayebisha hodi ya ubao husimama nje, barazani. Anayebisha kwa simu hodi yake inalia sikioni mwa aliyelala. Kama adabu ilihitajika kwenye mlango wa nje, itahitajika zaidi kwenye mlango wa ndani.

Na katika sura hiyo hiyo kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa ndani ya nyumba wanatakiwa waombe ruhusa: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya swala ya Ishaa. Hizi ni nyakati za faragha. Sasa hebu tujiulize, nyakati hizo ni za jua la nani? Bila shaka ni za jua linalomwangazia mwenye nyumba. Haiwezekani mimi niliye Ilala nimhesabie mtu wa Toronto usiku wake kwa jua la Ilala. Mbona katika swala tunalielewa hili vizuri? Muislamu wa London haswali Adhuhuri kwa kufuata jua la Dar es Salaam. Kila mahali pana Alfajiri yake na Magharibi yake. Tunaikubali saa ya nduguyo katika ibada yake, kisha tunaisahau tunapotaka kumwomba mchango wa harusi.

Tena imepokewa kwamba Mtume (SAW) alimkataza mtu aliyekaa safarini muda mrefu kuwagongea ahali zake usiku kwa ghafla. Huyu ni mtu anayerudi nyumbani kwake mwenyewe, kwa mkewe na wanawe wanaomtamani! Mapenzi yao kwake hayakumpa ruhusa ya kuwashtua. Basi vipi mimi, ninayepiga simu saa 9 usiku ya nduguyo kwa sababu tu huku kwangu ni saa 5 asubuhi na nina kifurushi cha bando kinachoisha mchana?

"Udugu hauna saa"

Kuna hoja ambayo husemwa sana, nayo si ya kudharau. Husemwa: udugu hauna saa. Tukianza kutazama saa hatutazungumza kabisa. Leo yuko kazini, kesho amelala, keshokutwa sisi tumelala, mwaka unakwisha na udugu umekatika. Na kukata udugu ni dhambi kubwa, ilhali kumkatisha mtu usingizi ni usumbufu tu.

Nakubali nusu ya hoja hii. Ni kweli wapo wanaoifanya saa kuwa kisingizio. Mtu anakaa miezi sita bila ya kumpigia mama yake, ukimuuliza anakwambia tofauti ya saa inamsumbua. Huyo hasumbuliwi na saa. Baina ya Dar es Salaam na Minneapolis, mbali kama ilivyo, kila siku kuna muda ambao pande zote mbili wako macho. Saa 3 asubuhi ya huku wakati wa joto ni saa 7 usiku ya kule, hapo hapafai. Lakini saa 11 jioni yetu ni saa 3 asubuhi yao, na saa 2 usiku yetu ni saa 6 mchana yao. Mlango upo wazi, ni kuutafuta tu.

Nusu nyingine siikubali. Anayesema udugu hauna saa, mara nyingi anamaanisha saa ya mwenzake ndiyo isiyohesabiwa. Yake yeye anaijua vyema. Tazama nani anayevunjiwa usingizi katika familia zetu. Mara nyingi ni yule aliye nje, kwa sababu tunamdhania ana raha na fedha. Hatujui kwamba huenda amefanya zamu mbili, amesimama miguu ikamvimba, na saa tano za usingizi ndizo alizonazo. Kwa upande mwingine, wapo walioko nje wanaowapigia wazee wao saa 5 usiku ya huku kwa sababu ndipo wanapotoka kazini, na mzee wa miaka sabini anaamka akipapasa miwani gizani, presha imepanda.

Uadilifu unataka nini basi? Mimi naona mambo matatu. Kwanza, anayehitaji ndiye abebe uzito. Kama ninaomba mimi, niamke mimi. Niweke saa inigutue Alfajiri yangu ili nimpate nduguyo jioni yake, wala nisimtake yeye akae macho kwa ajili ya shida yangu. Pili, mwenye nguvu ambebee dhaifu. Kijana amfuate mzee, mzima amfuate mgonjwa, aliyelala vya kutosha amfuate aliyetoka zamu ya usiku. Haki ya wazazi hapa iko juu zaidi, hata kama wao ndio wenye haja. Tatu, walio sawa wapokezane. Mwezi huu wewe, mwezi ujao mimi. Na kwa mazungumzo yasiyo na haraka siku hizi ziko njia za kutuma sauti kwenye WhatsApp, ambazo ni kama mgeni aliyeketi barazani kimya akimsubiri mwenyeji aamke mwenyewe.

Usiku wa msiba

Hata hivyo, kuna usiku ambao kanuni hizi zote zinajaribiwa, nao ni usiku wa msiba.

Shangazi yetu aliyetulea alifariki mwezi wa Julai, saa 4 asubuhi, hapa Dar es Salaam. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa kipenzi chake, yuko Minneapolis. Kule ilikuwa saa 8 usiku. Kama ilivyo ada yetu ya kuharakisha maziko, ilikubaliwa azikwe baada ya Alasiri, saa 10. Baba mdogo akasema: "Mwacheni mtoto alale. Hata mkimwambia atafanya nini? Hawezi kufika. Usingizi wa ugenini ni haba, mwacheni aupate." Mama mkubwa akasema: "Mtoto aamshwe. Huyu ni mama yake." Nikatakiwa mimi niseme kwa kuwa ndiye ustadhi.

Baba mdogo alisema kwa huruma, na huruma haidharauliwi. Lakini tupige hesabu. Kama tungemwacha alale hadi saa 1 asubuhi yake, huku ingekuwa saa 9 alasiri. Angezinduka wakati jeneza linatolewa nje. Tungempa saa tano za usingizi, na badala yake tungemnyang'anya saa tano za mwisho ambazo shangazi yake alikuwa bado juu ya ardhi. Je, biashara hiyo tulikuwa na mamlaka ya kumfanyia bila ya yeye mwenyewe kuridhia?

Nikasema aamshwe, ila si kwa kengele ya simu yake. Tulimpigia kwanza shemeji, amwamshe kwa mkono wake na awe karibu naye. Alilia, kama inavyotarajiwa. Alipotulia kidogo, neno lake la kwanza lenye kueleweka lilikuwa hili: "Kaka, kuna deni la mama mmoja wa Tandika. Laki tatu za vitenge. Mlipeni kabla hamjamzika." Hakuna mtu hata mmoja pale msibani aliyelijua deni lile. Alilijua yeye peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akituma fedha kidogo kidogo lilipwe. Mama yule akatafutwa, akaja, akalipwa kabla ya swala ya jeneza. Nasi tunajua jinsi Mtume (SAW) alivyokuwa akiuliza kuhusu deni la maiti kabla ya kumswalia.

Sisemi kwamba kila anayeamshwa atakuwa na habari ya deni. Ninachosema ni kuwa sisi tuliokuwa tukishauriana tulidhani tunapima baina ya usingizi wa mtu na huzuni yake tu. Kumbe mlikuwamo haki yake ya kujua, haki yake ya kuomba dua kabla ya kaburi kufukiwa, na haki ya maiti mwenyewe. Habari ambayo mtu ana haki ndani yake si mali yetu ya kuihifadhi hadi tuone inafaa. Ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Lakini si kila habari mbaya iko hivyo. Mjomba amelazwa, amewekewa dripu ya malaria, daktari anasema kesho atatoka. Hii isubiri Alfajiri ya kule. Haipotezi kitu ikichelewa saa sita, na haina mtu anayeweza kufanya jambo kwa kuipata usiku. Kipimo changu ni hiki: je, kungoja kutamnyima mwenzangu jambo ambalo halitarudi? Kama jibu ni ndiyo, vunja usiku wake, kwa upole. Kama ni hapana, usiku wake ni haramu kwako kuuvunja.

Na mambo haya mawili, kuuheshimu usiku na kuuvunja inapobidi, ni wajibu mmoja. Kila mtu mwenye jamaa nje anaijua ile simu ya saa 9 usiku. Moyo unaruka kabla ya mkono kuifikia. Ukiipokea ukakuta mtu anataka kujua kama fedha ya karo imetumwa, unashukuru Mungu, lakini hofu ile imekwisha kukula. Ikitokea mara tatu, mara nne, mtu afanye nini? Anaizima simu anapolala, au anaiondoa sauti. Wala hatumlaumu. Kisha unakuja usiku wa msiba wa kweli, unapiga, unapiga, na mlango haufunguki, kwa sababu tuliugonga bure mara nyingi mno. Anayeutunza usiku wa nduguye anamwekea nafasi, ili siku ya haja hodi moja tu itoshe.

Kwa hiyo nashauri mambo ambayo hayana gharama. Andika kwenye karatasi, ubandike jikoni, tofauti ya saa ya kila jamaa yako aliye nje, ya joto na ya baridi, na tarehe zinapobadilika. Walioko huko wawakumbushe wazee wiki moja kabla, wasingoje wazee wahesabu. Familia zikubaliane namba moja ambayo haizimwi usiku, na iwe ya msiba na dharura tu. Tunapoahidiana saa tuseme ni asubuhi, mchana au usiku, na ni ya kwa nani. Na tunapopiga, baada ya salamu na kabla ya haja zetu, tuulize: "Huko ni saa ngapi sasa?" Kisha tumsikilize anavyojibu, kama ni sauti ya mtu aliye macho au ya mtu tuliyemwamsha.

Wabillahi tawfiq.